Nimemushika Muguu Mimi Mwenyewe

Kabla ya kumwona mume wangu ungemsikia kwanza. Ndivyo nilivyomjua hata mimi. Nilikuwa msichana nageuza ndakala juani, nikasikia sauti nyuma ya nyumba yetu ikisema kwamba kuna kuku mweupe amepotea, ana tabia mbaya, atakayemwona asimpige, amrudishe kwa mwenyewe wakamalizane. Nilicheka hadi nikaangusha chanja lote la samaki. Akatokea, akaona ndakala mchangani, akasema pole, akaweka megafoni chini na kuanza kuokota samaki mmoja mmoja akiwapuliza mchanga. Habari ya kuku ikangoja mpaka tukamaliza.

Alikuwa mtangazaji wa mji wa Baraka, huku kando ya ziwa. Si wa redio. Redio zina vijana wao, wanaosoma karatasi. Yeye alitangaza kwa miguu, megafoni begani, kutoka sokoni hadi ufukweni wanaposhukia wavuvi, na kutoka ufukweni hadi njia panda ya kupanda Fizi. Mbuzi aliyepotea, salongo, kazi ya pamoja ya kuzibua mitaro, chanjo ya watoto, lori la Lulimba litakaloondoka kesho, mkutano wa wazazi shuleni, na vifo. Vifo ndivyo vilivyompa heshima. Mtu akifariki, jamaa zake walipita kwetu kabla hawajaenda kwa fundi wa sanduku, na mimi niliacha chochote nilichokuwa nafanya nikamtolea shati jeupe. Shati hilo nililipiga pasi siku zote, hata wiki ambayo hakuna aliyekuwa mgonjwa.

Sitaandika jina lake hapa. Mji ulimwita Mtangazaji, watoto wetu walimwita Papa, na mimi nilimwita kwa namna nyingi, kulingana na alivyoniudhi siku hiyo.

Kutangaza kifo alikuwa na utaratibu wake, na hakuruhusu mtu auguse. "Kwanza jina," alikuwa akisema, "kisha pahali, kisha uache batu bapumue." Baada ya pumzi hiyo aliongeza jambo moja la marehemu, dogo, la kuchekesha, lisilomvunjia mtu heshima. Mwalimu aliyekuwa anasinzia juu ya madaftari ya wanafunzi na kuamka na wino shavuni. Mama mmoja aliyewagombeza bata wake kwa Kifaransa, eti Kiswahili walishakizoea. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, na hapo ndipo alipomaliza kwa maneno ambayo mji mzima uliyajua: "Nimemushika muguu mimi mwenyewe." Maneno hayo yakishasikika, akina mama sokoni walifunika bidhaa zao wakaja. Bila hayo hakuna aliyeinuka.

Hayakuwa mapambo. Yalitokana na kosa moja kubwa alilofanya mwanzoni mwa kazi yake, na kosa hilo liliishi miaka mingi likila vizuri.

Kulikuwa na mzee, mkulima wa ndizi, shamba lake liko kando ya barabara ya Fizi. Siku moja alianguka shambani, wakambeba kumpeleka kwa daktari, na mpwa wake mmoja akakimbia mpaka kwetu akilia kwamba mjomba amekwisha. Mume wangu alikuwa bado kijana, na alipenda watu wamwone anatangaza. Hakuuliza neno. Akavaa shati, akatangaza sokoni, ufukweni na njia panda. Asubuhi hiyohiyo majirani wakaanza kuchimba kaburi, na wanawake wakaanza kusonga bugali ya kilio.

Alasiri mzee akaingia uani kwetu amekaa nyuma ya baiskeli, amejifunika blanketi, hasira imemjaa. Mimi nilikimbilia jikoni, nasema ukweli. Mume wangu alibaki amesimama pale pale na bakuli mkononi.

"Ni nani alikwambia mi nimekufa?" mzee aliuliza.

"Ni mupwa wako, Mzee. Alikuja analia."

"Ule analia hata mvua ikinyesha. Kaburi bamechimba?"

"Bamefika mu magoti."

"Na bugali?"

"Bugali bamekula, Mzee."

Mume wangu akaweka bakuli chini, akapiga magoti, akaushika mguu wa yule mzee kwa mikono miwili. "Iko ya moto," akasema. Kisha akachukua megafoni, akamwomba mzee asishuke baiskeli, wakazunguka pamoja mji mzima. Nilimsikia mpaka huku nyumbani: "Sikieni, batu ya Baraka. Ile habari ya asubuhi, muirudishe. Mzee iko muzima, na ana kasirani. Bale walikula bugali yake, bakumbuke kwamba ana njaa." Wanasema njia panda ndipo mzee mwenyewe alipoanza kucheka, akacheka hadi wakamshika asianguke tena.

Tangu siku hiyo mume wangu hakutangaza kifo chochote kabla hajaingia chumbani na kushika mguu wa aliyelala. Hata awe mkuu wa nani, hata jamaa wawe na haraka. Watu walianza kwa kumcheka, kisha wakazoea, kisha wakawa hawaamini kifo bila hilo. Na kila mwaka, msimu ndizi zinapoiva, yule mzee alikuja na mkungu mmoja. Alisimama mlangoni kwetu, akavua kiatu, akanyoosha mguu ndani bila kusalimia. Mume wangu aliinuka, akaushika, akasema, "Moto." Ndipo walipokaa na kuanza kusalimiana. Watoto wetu walikua wakidhani kila nyumba ina mzee wake wa ndizi.

Nyumbani kwetu megafoni ililala juu ya kabati, lakini haikulala sana. Alikuwa na desturi ya kutangaza mambo ya uani. "Sikieni, batu ya nyumba hii. Kuna mutoto mumoja, sitamutaja jina, amekula sukari na kidole iko inaonyesha." Siku nikinuna alisimama nyuma ya nyumba, sauti ameipunguza, "Kuna mama mumoja amekasirika tangu asubuhi, sababu haiyajulikana. Mwenye kujua sababu aiseme mbele ya bugali." Nilimtupia vifuniko vya sufuria. Mara nyingine nilicheka kabla ya kutupa, na hapo akajua ameshinda. Binti yetu Neema alipopata diploma ya serikali, baba yake alizunguka njia ileile mara nne, mpaka wavuvi wakamwomba awaache wafunge nyavu.

Lakini alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Yeye aliyewaita akina mama wote wapeleke watoto kwenye chanjo, sindano alikuwa haiwezi. Muuguzi mmoja alimfuata mpaka nyumbani na kifaa chake, na mwenzangu akatoka kwa dirisha la chumbani na shati jeupe likachanika begani. Kiraka chake nilikishona mwenyewe. Wakimbizi wa kutoka Burundi walipokuwa wanagawiwa mbegu, aliwatangazia kwa Kirundi cha maneno saba, wakaja hata wasio na kadi, wapate tu kumsikia. Na huyo mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya ziwa, tukigombana kweli hakupaza sauti hata mara moja. Mimi ndiye niliyesikika. Yeye alinong'ona, na kama jambo lilimuuma sana, alifanya mzaha.

Hapo ndipo niliposhindwana naye, na nitasema kwa nini.

Wakati wa vita tulikimbia kama watu wote. Tulipanda milimani juu ya Fizi na mizigo kichwani. Yeye alifunga megafoni ndani ya kikwembe changu kizuri cha kujifunga, na njiani aliifungua kila tulipokutana na mtoto aliyepotezana na wazazi. Alimpandisha mtoto begani akatangaza: ana shati la rangi hii, pua inatoka kamasi, anasema mama yake anapika vibaya, mama huyo ajitokeze ajitetee. Wazazi walitokea vichakani wakilia na kucheka. Sijui alirudisha watoto wangapi kwa njia hiyo.

Wetu wa pili alikuwa mvulana, hajafika miaka mitatu. Mtoto huyu aliamini baba yake anakaa ndani ya megafoni. Aliisogelea ikiwa imelala chini, akabisha mdomoni pake kwa kidole kama anabisha mlango, akasema, "Papa, toka." Baba yake alijificha nyuma ya nyumba akajibu, "Nakuja, nivae viatu." Wangeweza kufanya hivyo tangu chai ya asubuhi mpaka nikawafukuza wote wawili.

Homa ilimshika huko milimani, na dawa hatukuwa nazo. Alifariki jua linatoka, ndani ya kibanda cha shamba la mihogo la watu tusiowajua. Baba yake alikaa naye asubuhi nzima. Kisha akachimba mwenyewe, akamzika, akafunga mizigo. Hakutamka neno. Megafoni haikutoka kwenye kikwembe.

Tuliporudi Baraka, watu walikuwa na wafu wengi waliokufa njiani na kuzikwa bila mtu kusikia. Wakaja kwake mmoja mmoja. Akakubali kuwatangaza wote, na kwa wale alibadilisha maneno ya mwisho: "Huyu sikumushika mimi, mama yake ndiye alimushika." Au mjomba, au jirani. Wiki nyingi alitangaza hivyo pale njia panda, na watu wakapata kulia wafu wao, mikeka ikatandikwa, chai ikapikwa, nyumba baada ya nyumba. Mimi kila asubuhi nilimpa shati lile lenye kiraka nikisema moyoni, leo atamtaja wa kwetu. Nilisimama karibu na njia panda na beseni langu la samaki, nikingoja. Walipotajwa wa mwisho alishuka akarudi nyumbani. Nikamuuliza, "Na wetu?"

Akasema, "Betri zimeisha."

Akatabasamu kidogo, kama alivyotabasamu kwa mambo yote. Nilimzoea kwa mizaha elfu, na mingi niliipenda kuliko nilivyomwambia. Huo sikumsamehe. Nilipika, nikazaa wengine wawili, nikacheka naye kwa miaka mingi, na mzaha huo ulikuwa umekaa kati yetu kitandani. Kwetu mtoto asiyetangazwa hana kilio. Hakuna aliyekuja kuniambia pole. Wanawake wenzangu walidhani labda tumemwacha kwa ndugu, na baadaye wakaacha kuuliza. Nilikuwa na hasira na mtu aliyekuwa anapendwa na mji mzima, na hilo ni jambo la upweke sana.

Ugonjwa wake ulianzia kwa tansio, presha ya damu, kisha miguu ikavimba. Alianza kutangaza amekaa, akisukumwa kwa baiskeli, kisha akaacha kabisa. Tulimpeleka kwa daktari, tukarudi na vidonge, tukaenda tena. Siku ambazo alikuwa na nguvu nilimlaza kwenye mkeka nyuma ya nyumba, karibu na machanja ya ndakala, nikamkanda miguu kwa mafuta ya mawese ya vuguvugu. Mara ya kwanza nilipoishika alifungua jicho moja.

"Pole pole na ule muguu, Mama Neema. Muntu akikuona namna hii, anaweza kwenda kutangaza."

Nilicheka, halafu nikageuza uso nikajifanya nafukuza kuku.

Alasiri moja, zikiwa zimebaki kama wiki mbili, nilikuwa namkanda hivyohivyo. Alikuwa anaangalia ndakala. Sauti yake ilikuwa imepungua mpaka nilihitaji kuinama.

"Mama Neema."

"Niko."

"Ile siku nilikwambia betri zimeisha."

Mikono yangu ilisimama. Miaka yote hiyo sikujua kama anaikumbuka.

"Betri zilikuwako," akasema. "Za mupya. Nilimushika muguu, ule mutoto. Nilimushika tangu jua linatoka mpaka we ulinivuta mukono. Ilikuwa baridi na mi nilijua ni baridi. Lakini nilisema, kama sijaitangaza, labda kuna siku atafika pa mulango kunigombeza, kama Mzee wa ndizi."

Ndizi zilikuwa zimefika mwezi uleule, mkungu ulikuwa umening'inia jikoni, na nilikumbuka jinsi alivyokuwa akiruka kutoka kwenye kiti kila mzee alipobisha. Nilidhani ni furaha ya kumwona mzee. Sasa nilijua kila mwaka alikuwa anaruka kwa ajili ya nani.

"Uliniacha nibebe peke yangu," nikamwambia. Nililia nikisema hivyo. "Batu hawakuniambia hata pole."

"Ndiyo. Nilikosea."

Nilingoja mzaha. Haukuja. Alinishika mkono wenye mafuta, tukakaa hivyo mpaka jua likaondoka kwenye machanja. Kisha akasema, "Siku yangu ikifika, we ndo utanitangaza."

"Wapi umeona mwanamuke na megafoni?"

"Sauti yako inanishinda. Mutaa muzima unajua."

Nilimpiga begani, taratibu. Sikumwahidi kitu. Nilifikiri tutaongea tena.

Alifariki asubuhi, Neema ameshafika kutoka Uvira, ndugu wakiwa ndani. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, alikuwa ameshuka kutoka Kilembwe siku tatu kabla. Mimi ndiye niliyemshika mguu. Nilishika wa kulia, kisha wa kushoto, kisha nikarudia wa kulia, maana nilitaka mmoja wao uwe na moto. Tukamvalisha shati jeupe. Kisha wakanikalisha kwenye mkeka, kwa sababu mjane hatoki nje mpaka mazishi yaishe, na nilikaa bila kubisha. Sikuwa na nguvu ya kubisha.

Shemeji ni mtu mwema, ila ni mtu wa karatasi. Aliandika tangazo lake vizuri, akachukua megafoni, akaenda kusoma: kwa masikitiko makubwa, familia inawatangazia, mazishi saa tisa. Hakutaja mguu. Hakuingia hata chumbani kuushika, aliona ni mchezo wa ndugu yake. Akarudi, akakaa, tukangoja watu.

Watu hawakuja. Saa nne, saa tano, uani tulikuwa sisi kwa sisi. Shemeji akasema mji huu hauna moyo, mtu ameutumikia maisha yake yote na hata sufuria moja ya maji haijaletwa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani nikiwaza kwamba atazikwa kama mtoto wake, bila mtu kusikia.

Saa tano na nusu akaingia jirani muuza unga, anacheka. Alisimama mlangoni akasema, "Mama Neema, batu banauliza huko soko, Papa iko na muchezo gani leo? Ametuma muntu anatangaza kifo, hata muguu haikutajwa. Banacheka mpaka ba..." Akaniona nilivyokaa. Akaona nywele zangu zilizofumuliwa kwa msiba. Alikaa chini palepale kwenye kizingiti, akajiziba mdomo na kikwembe.

Kumbe mji ulikuwa unamngoja. Alikuwa amewafundisha wasiamini kifo mpaka mguu utajwe, na wao walikuwa wanafunzi wazuri. Wote walidhani baada ya mzaha ule atatokea mwenyewe, amekalia baiskeli, awaambie wairudishe ile habari.

Mzee wa ndizi alifika baada ya hapo kidogo. Siku hizi hawezi kukaa kwenye baiskeli bila kufungwa kwa kitambaa mgongoni mwa mwendeshaji. Aliposhushwa hakumsalimu mtu.

"Nimesikia megafoni," akasema. "Haikusema muguu."

"Ni kweli, Mzee," shemeji akamjibu. "Ndugu yangu ametutoka."

"Kama ni kweli, juu ya nini haikusema?"

"Ile ilikuwa mambo yake ya kuchekesha batu."

Mzee alimwangalia, akaingia chumbani peke yake. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika kiatu chake mkononi, na sijui kwa nini alikivua. Akasema, "Ni baridi," halafu akalia kwa sauti, mzee mwenye miaka mingi kiasi kile, na shemeji akainamisha kichwa.

"Basi utangaze wewe, Mzee," shemeji akasema. "Umemushika."

"Sauti yangu haifiki hata kwa kuku yangu. Na si mi nilimushika wa kwanza. Ni nani alimushika wa kwanza?"

"Ni mimi," nikasema.

"Inuka basi."

"Mama, mujane hatoke," shemeji akasema, na hakusema kwa ubaya.

"Shemeji, nitarudi kwa mukeka. Unipe hiyo megafoni."

Alinipa. Nilitoka miguu mitupu, Neema kushoto, mzee kulia, na muuza unga nyuma yetu. Njiani watu walianza kunyamaza. Waliona nywele zangu na miguu mitupu, na walijua mjane akionekana barabarani kuna jambo. Nilipita sokoni bila kusimama, kwa sababu nilitaka njia panda, pale alipowatangaza wafu wa njiani na mimi nikangoja na beseni langu.

Megafoni ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Niliibonyeza, nikasema jina lake, jina lote, lile ambalo siliandiki hapa. Kisha mahali: nyumbani kwake, mkononi mwa watu wake. Kisha nikaacha watu wapumue, na mimi nikapumua.

"Miaka yote aliwaita mupeleke batoto kwa chanjo," nikasema. "Yeye akiona sindano, alitokea kwa dirisha. Shati alilovaa leo iko na kiraka ya ile dirisha. Nilikishona mimi."

Walicheka. Nilisikia kicheko kikianzia kwa wavuvi na kufika kwa wauza mihogo, na kikiwa bado hakijaisha nikasema, "Nimemushika muguu mimi mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Mama wa kwanza akavua kitambaa kichwani akafunika nyanya zake. Wengine wakafuata. Nilipaswa kuachia kitufe hapo, lakini kidole changu hakikutoka.

"Iko mwingine," nikasema.

Nikataja jina la mtoto wetu wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja mbele ya watu tangu milimani. Nikataja mahali: juu ya Fizi, kwenye shamba la mihogo la watu, wakati wa kukimbia. Nikaacha watu wapumue. Neema alikuwa amenishika kikwembe nyuma, kama alivyokuwa akinishika zamani tukivuka maji.

"Alibisha hodi kwa hii megafoni," nikasema. "Aliisogelea na kidole, anasema, Papa, toka. Alijua Papa yake iko ndani."

Hakuna aliyecheka.

"Sikumushika mimi. Papa yake ndiye alimushika, tangu jua linatoka."

Nikaachia kitufe. Akina mama walinijia wote kwa pamoja, wananishika mabega, wananiambia pole, pole Mama, pole ya mutoto, pole ya Papa, na nilizipokea zote. Juu ya vichwa vyao niliangalia barabara ya Fizi kwa kitambo, nione kama kuna mtu anashuka na baiskeli kuja kunigombeza. Barabara ilikuwa na vumbi tu la lori lililopita. Mzee wa ndizi alivaa kiatu chake, akanishika mkono, tukarudi kuwazika wote wawili.